Wekundu Ulio Chini ya Bawa

Wairimu,

Kwanza nikugombeze, salamu zitafuata. Wewe ni mtu wa namna gani? Tangu tukuzike kule kwenu chini ya mlima, hujanijia hata mara moja. Kwa binti yako Njeri umefika, ameniambia: ulimkuta ndotoni anapika, ukafunua sufuria, ukaonja, ukasema chumvi haijatosha. Sawa, huyo ni mtoto wako, una haki ya kumsumbua. Lakini kwa Mama Achieng wa ghorofa ya tatu? Mwanamke ambaye mlikuwa mkipishana ngazini kila mmoja anaangalia ukuta wake! Alikuja mlangoni kwangu amejaa maringo tele. "Mama Wekesa, nimemwota rafiki yako. Amevaa kitenge kipya, anacheka, amenenepa." Nikamwambia hongera. Nikafunga mlango, nikakaa kitini, nikakasirika mpaka chai ikapoa.

Mimi ndiye niliyekaa na wewe kwenye ngazi zile tangu watoto wetu wakiwa wa kubebwa mgongoni. Mimi ndiye niliyekukanda miguu. Sasa nalala mapema makusudi, nakuachia nafasi, naamka hakuna kitu. Naota viazi. Naota foleni ya maji. Wewe, hapana.

Basi nimeona nikuandikie, labda una aibu ya kuja bila kualikwa. Na usiucheke mwandiko wangu, maana ni wako. Shule mimi sikuingia hata kuomba maji ya kunywa. Herufi zote nilizo nazo ulinipa wewe kwa sindano, siku tuliposhona KARIBU MGENI kwenye kitambaa cha kiti. Ulinishika mkono ukaniambia K ni ukuta na mtu anaupiga teke. Mpaka leo nikiandika jina la Kariobangi hapa kwetu nauona ule ukuta na ule mguu. Naandika herufi kubwa kubwa, na nikifika mwisho wa mstari bado natafuta pa kufungia fundo.

Mambo ya hapa ni haya. Mafundi wa mabati chini bado wanagonga kutoka asubuhi, mmoja ameoa, anagonga kwa nguvu zaidi. Mwenye nyumba amepaka ukuta rangi ya uji. Ngazi yetu, ile ya jua la asubuhi, wameiwekea tangi la maji. Nilimwambia mlinzi pale ni pahali pa mtu, akaniuliza, "Mtu gani, shosho?" Siku hizi wote wananiita bibi yao. Nimeweka kigoda changu pembeni ya tangi. Upande wako pamebaki wazi kidogo, kama umekonda unaenea.

Sasa nikuambie kilichonileta. Ni yule ndege wako.

Maana hukunipa amani na yule ndege. Wenzetu tulioshona nao vitambaa vya kuuza walishona mawaridi, walishona jogoo, walishona kikombe kinachotoa moshi. Kwako wewe ni ndege wa mlimani tu. Wenye vitabu wanamwita chozi, wako wa aina nyingi, hata hapa kwenye maua ya mikebe wanakuja wadogo wadogo kunyonya. Lakini wewe ulitaka yule mmoja, wa juu kabisa, pale miti inapokwisha, pakabaki nyasi na baridi na ile mimea inayosimama kama nguzo zilizovishwa manyoya. Baba yako alikuwa akibebea wapanda mlima mizigo, akakuchukua safari moja ukiwa msichana, na mama yako akagomba juma zima. Ulirudi na kikohozi na ndege kichwani. Kikohozi kilipona.

Nakumbuka ulivyonifundisha kumtambua, kana kwamba siku moja tungekutana naye hapo sokoni akinunua sukuma wiki.

"Rangi usiifuate kwanza, rangi inadanganya," ukaniambia. Akikaa juani ni kijani, ile kijani ya mafuta ya taa yaliyomwagika juu ya maji. Wingu likipita anakuwa mweusi kama kipande cha makaa. Mdomo umepinda kama shazia ya kushonea magunia. Dume ana manyoya mawili marefu mkiani yanamfuata nyuma, kama nyuzi ambazo fundi amesahau kukata. Nikakuambia basi nimeshamjua. Ukaniambia hujamjua, kwa sababu ana binamu yake wa huku chini, wa mashambani, kijani vile vile, mkia vile vile, na wengi wamemsalimia mmoja wakidhani ni mwingine. Ngoja akasirike. Akija jirani kugusa ua lake atainua mabawa, na hapo ndipo utaona, ubavuni, chini ya bawa, kishungi cha manyoya. Yule binamu chake ni cha manjano. Wa mlimani ni chekundu. Chekundu cha kaa la moto.

"Na mke wake?" nikauliza, maana siku zote mambo haya husimuliwa ya waume tu.

Ukafurahi. Ulikuwa ukiningoja hapo. Ukasema mke ni kahawia, hana mkia wa maringo, ukimwona utampita kama unavyopita mwanamke aliyebeba ndoo. Mke wa yule binamu wa chini, hata ukimwinua bawa hutakuta kitu. "Lakini mke wa mlimani, Mama Wekesa, na yeye anao wekundu wake. Mume na mke, kila mtu na moto wake." Na yule jike ndiye uliyemwona wewe siku ile. Vidole vyako vimekufa ganzi, baba yako anakuita twende, na yeye amekaa kwenye nguzo yake anakula bila haraka, kisha dume mmoja akamsogelea, na yule jike akainua bawa.

Unamkumbuka yule mgeni wa kutoka ng'ambo aliyeletwa na watu wa kanisa kutazama vitambaa? Akasema kwao wako ndege wadogo wa namna hii wanaoning'inia hewani wakinyonya, mabawa yanavuma kama feni. Wewe ukamtafutia jibu kwa upole kabisa. "Wetu anakaa kwanza, halafu anakula. Amelelewa." Yule mama alicheka mpaka akatoa leso.

Ndivyo ulivyotaka nimshone, amekaa. Dume hakukusumbua sana, yeye unaweza kumshona amefungua mabawa, wekundu ukaonekana na mnunuzi akafurahi. Taabu ilikuwa jike. Jike ulimshona amefunga mabawa, ametulia, na bado ulitaka wekundu uwemo. Unashona nyekundu kwanza, ubavuni, vizuri, mishono midogo. Halafu unachukua kahawia unashona bawa juu yake, unaufunika wote. Uzi umekwenda, macho yamechoka, na mtu akitazama anaona kindege cha kahawia. Mimi wa kwanza wangu nilimshona bila ule wekundu. Nilidhani hutajua.

"Umemwekea?"

"Nani ataona?"

"Sikuuliza nani ataona. Umemwekea?"

Ukanirudishia kitambaa. "Huyu ni ndege wa mtu yeyote. Fumua."

Nikafumua nikikutukana kwa Kibukusu, na wewe ukinijibu kwa Kikuyu, na Baba Wekesa, Mungu amrehemu, akatoa kichwa dirishani akauliza kama wanawake wazima wanaweza kupigana kwa sababu ya ndege wa uzi. Tukamgeukia yeye sote wawili. Akarudisha kichwa.

Kisha ukaanza kupotea.

Sijui niiandikeje sehemu hii. Nitaiandika haraka. Ulianza kwa kutafuta miwani ukiwa umeivaa, tukacheka. Ukaweka chumvi kwenye chai, tukacheka kidogo. Siku moja ukashuka ngazi ukasimama mbele ya mlango wa Mama Achieng unaupigapiga, unalia kwamba wamebadilisha kufuli ya nyumba yako. Njeri akakuchukua ukakae kwake Njiru. Alifanya vizuri. Nilimlaumu, lakini alifanya vizuri.

Nilikuwa nakuja. Hilo unalijua, au labda hulijui. Mara ya kwanza ulinitazama kama mtu anayetazama mgeni aliyekosea nyumba, ukaniuliza, "Nyambura, mama amepona?" Nyambura ni dada yako, alikufa zamani, hata mimi sikumkuta. Nikakuambia, mimi si Nyambura. Ukakasirika. Nikaja tena, nikawa Nyambura. Nikakuambia mama amepona, anachimba viazi. Ukatulia. Nimejibu jina la marehemu kwa ajili yako, Wairimu, na nilikuwa nikitoka nje ya lango la Njeri nasimama nasema jina langu kwa sauti. Nasimiyu. Nasimiyu. Ili lisipotee lote mara moja.

Kushona hukuacha. Njeri alikuwa amekuondolea nyuzi za rangi kwa sababu ulikuwa ukizitia mdomoni ukizidhani peremende. Akakuachia kahawia peke yake, hiyo hukuipenda kula, na ile sindano nene ya kushonea sweta, butu, isikuchome. Basi unakaa kitandani na kitambaa chako mapajani, kahawia juu ya nyeupe, siku nzima.

Na ulikuwa na tabia moja iliyonikera. Nikikaa karibu yako, unanivuta mkono wa sweta. Ile nyekundu ya mitumba, unaijua, iliyopauka, yenye unywele wa kijivu ndani ya uzi wake. Pindo la mkono wa kushoto lilikuwa limeanza kufumuka, na wewe vidole vyako hapo hapo, vuta, vuta. Nikakupiga mkono, pa, kama mtoto aliyegusa sukari. "Wacha sweta yangu, mwanamke wewe!" Ukacheka, ukangoja nigeuke, ukavuta tena. Kila nikija. Nilirudi Kariobangi mkono mmoja wa sweta umekuwa mfupi kuliko mwenzake. Nikasema, ni ugonjwa huo, utamfanya nini.

Halafu ukaenda.

Tukakupeleka kwenu. Tulikuimbia vizuri, kwaya yetu ilifika yote, hata wale wenye magoti mabovu. Tukiwa kaburini, udongo bado haujatulia, ndege akatua kwenye maua ya uani. Kijani kinang'aa, mkia mrefu. Wanawake wakashikana. "Ni yeye! Ni Mama Njeri, amekuja kutuaga!" Wengine wakaanza kulia upya. Mimi nikatamani, nakuambia kweli, nilitamani sana awe wewe. Lakini ulinifundisha kungoja. Nikangoja. Akaja mwenzake kwenye ua lile lile, wakagombana, akainua bawa.

Manjano.

Nikasema, "Huyo siye. Huyo ni binamu wa chini." Mchungaji akanitazama. Shemeji yako akaninong'oneza, "Mama Wekesa, si wangeachwa tu walie?" Labda. Lakini ningekubalije, Wairimu, mbele yako wewe? Ungeinuka kutoka mle ndani uniambie nifumue.

Na tangu siku hiyo nakungoja, na hukuja, na mimi nikaanza kufikiri ni kwa sababu hunijui. Hilo ndilo lililokuwa linanila. Nilifikiri umekwenda huko umekwenda bila mimi. Njeri unamkumbuka kwa sababu ni damu, Mama Achieng unamkumbuka kwa sababu ya chuki, hata chuki ina mizizi. Lakini Nasimiyu uliyemfundisha K, huyo alifutika kabla hujaondoka, na mtu aliyefutika anaotwaje?

Njeri akanijia na kitambaa chako cha mwisho. Jike, peke yake, katikati ya weupe. Ulikuwa umemaliza mwili, umemaliza bawa, imebaki miguu na jicho. Akaniomba nimalizie, akiweke kwenye kiti kile ulichokuwa ukikalia. Nikakitazama, nikauliza lile swali lako.

"Amemwekea wekundu?"

Njeri akanihurumia. Niliiona ile huruma, wanayo vijana wakizungumza nasi wazee, wanainamisha kichwa kidogo. "Mama Wekesa, angeweka na nini? Nyekundu haikuwemo nyumbani. Nilimpa kahawia tu." Kisha akasema, macho yamemjaa, "Mama alikuwa ameshaenda zamani. Mikono tu ndiyo iliyobaki."

Nilichukua kitambaa nikaja nacho nyumbani, nikakiweka mezani, nikawa nakizunguka kama kina homa. Kukigeuza nyuma hakusaidii, wewe ulitanguliza bitana chini, kile kitambaa cha pili, na sindano yako ikapita cha juu tu, ili nyuma pabaki safi. Lile bawa lilikuwa limevimba kidogo. Nikadhani ni mkono uliochoka.

Nikimwacha vile alivyo, huyo ni ndege wa mtu yeyote, na Njeri atamweka kwenye kiti chako awe ushahidi kwamba hukuwepo. Nikitaka nimtie wekundu, lazima nifumue bawa, na ile ni mishono yako ya mwisho duniani. Hakuna mingine. Nani anafumua kitu kama hicho?

Wewe. Wewe ungefumua. Ungefumua hata sanda.

Basi jana asubuhi nikabeba kigoda, nikakaa kando ya tangi, jua likawa zuri. Nikakuomba radhi kwa sauti, mlinzi akageuka. Nikaingiza ncha ya sindano chini ya mshono wa kwanza wa bawa, nikainua. Wa pili. Nilikuwa nauweka kila uzi wa kahawia kwenye leso, usipeperuke.

Chini yake palikuwa na wekundu.

Wairimu, nilidhani macho yangu yamejaa damu. Nikapangusa, nikatazama tena. Si uzi wa kudarizia. Ni sufu, imekunjamana, mishono midogo midogo ubavuni, pale pale panapotakiwa. Nyekundu iliyopauka. Ndani yake unywele wa kijivu.

Nikauvuta mkono wangu wa kushoto, ule mfupi, nikauweka karibu nayo.

Nililia mpaka mafundi wa mabati wakaacha kugonga. Yule aliyeoa akaja akaniuliza, "Shosho, umeumia?" Nikamwambia, hapana, nimetambuliwa. Hakuelewa. Aliniletea maji ya kunywa, kijana mzuri.

Kwa hiyo mzee mzima nilikuwa nakaa pale nakupiga mikono, na wewe unafanya kazi. Ndege wako ulimjua. Ulijua bila ule moto siye. Ukatazama nyumba nzima ya mwanao, hakuna nyekundu, ukangoja mtu anayekuja nayo mwilini. Jina langu lilikuwa limekuponyoka, sawa, liponyoke. Nilimwita Njeri, akaja mbio akidhani nimeanguka. Nikamwonyesha. Akaweka kidole kwenye ile sufu, akakiacha hapo, akasema, "Alikuwepo." Nikampikia chai, tukainywa ikiwa moto.

Bawa nimelirudisha leo. Ule uzi wako wa kahawia ulioko kwenye leso ulikuwa umekatika vipande, lakini nimeutumia wote ulionifaa, palipobaki nimetia wangu. Utaona tofauti, mishono yangu imelala kulia kidogo, hukuweza kunitoa tabia hiyo. Wekundu sikuugusa. Miguu na jicho nimemtia. Kesho atapanda kiti chako, na yeyote atakayemwita kindege cha kahawia nitakuwa na la kumwambia.

Ahadi yangu ni moja: pindo la ile sweta silishoni. Wekesa ameniletea nyingine, ya bluu, mpya, nimemshukuru na nimeikunja. Na Njeri ameomba nimfundishe. Nitamfundisha kama ulivyonifundisha, nyekundu kwanza. Asipoweka, unalijua neno nitakalomwambia.

Kaa salama huko. Msalimie Baba Wekesa, mwambie ndiyo, tulikuwa tunaweza kupigana kwa sababu ya ndege wa uzi.

Na sasa nisikilize. Ukija, usijisumbue kutafuta jina langu. Niite Nyambura, niite nani, usiniite kabisa. Nitalala na sweta. Njoo tu ukae upande wa kushoto, uvute mkono, na mimi sitakupiga.

Nasimiyu